Kapteni Grant, Mchoraji wa Mimea

Mtu atokaye Tunduma kwenda upande wa Momba mwezi wa Septemba huona jambo la ajabu msituni. Mvua haijanyesha, ardhi ni kavu, nyasi zimeungua, lakini miombo imekwisha kuvaa majani mapya. Tena majani hayo si ya kijani, bali ni mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Baada ya siku chache wekundu ule hupungua, na mvua zinapoanza msitu wote huwa kijani. Basi mtu akichuma tawi la majani yale mekundu, akalibana katikati ya karatasi likauke, akija kulitazama baada ya mwezi ataona majani ya rangi ya udongo tu. Umbo limebaki, rangi imekwenda. Kwa sababu hiyo watu wenye elimu ya mimea, tangu zamani, wamemhitaji mtu wa pili pamoja na yule akaushaye mimea. Mtu huyo ni mchoraji, akaaye mbele ya ua lingali bichi na kuliandika kwa kalamu na rangi kabla halijanyauka.

Msitu wa miombo hauishii Momba. Hupita Rukwa na Katavi ukaendelea kaskazini hata Tabora, nchi ya Wanyamwezi. Mwaka 1861 alipita katika msitu huo wa Unyamwezi mtu aliyefanya kazi zote mbili, ya kukausha na ya kuchora. Jina lake James Augustus Grant. Watu wengi wamelisoma jina hilo nyuma ya jina la mwenzake, Speke, aliyesifiwa kwa kupata chanzo cha mto Nile, na wakisha kulisoma hulisahau. Lakini kazi ya Grant haikuwa kumfuata Speke tu.

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji mdogo wa Nairn, pwani ya kaskazini ya Scotland. Baba yake alikuwa kasisi wa mji ule. Kijana alisoma, hata akaingia katika chuo kiitwacho Marischal, katika mji wa Aberdeen. Mwaka 1846 akaenda Bara Hindi kuwa afisa katika jeshi. Huko alipigana katika vita vya Masingasinga, na mwaka 1857, askari wa Kihindi walipowaasi Waingereza, alikuwa miongoni mwa majeshi yaliyokwenda kuukomboa mji wa Lucknow. Katika mapigano hayo alijeruhiwa vibaya mkononi. Si jeraha ambalo mtu angelitamani kwa mchoraji, wala hakuna aliyeweza kujua wakati ule kwamba mkono huo ungekuja kuandika maua ya Unyamwezi na Karagwe.

Akiwa Bara Hindi alipata rafiki, afisa mwenziwe, John Hanning Speke. Wote wawili walipenda kuwinda na kutembea porini. Speke alikuja Afrika ya Mashariki pamoja na Richard Burton, na mwaka 1858 akaliona ziwa kubwa ambalo Waingereza waliliita Victoria. Aliporudi kwao alisema kwamba ziwa lile ndilo chanzo cha Nile. Burton akakataa, na watu wengine wakawa na shaka. Basi Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampeleka mara ya pili akahakikishe. Speke alitaka mwenzi asiyekuwa mgomvi. Akamchagua Grant.

Walitoka Uingereza mwaka 1860, wakazunguka kusini mwa Afrika kwa merikebu, wakafika Unguja mwezi wa Agosti. Kulikuwa na soko la watumwa Unguja siku zile, nalo halikufungwa mpaka mwaka 1873. Grant alilipiga picha soko hilo kwa kamera aliyokuja nayo, maana mpango wa kwanza ulikuwa kwamba safari yote ipigwe picha kwa kamera. Lakini kamera za wakati ule hazikuwa kama za leo. Mpiga picha alipaswa kupaka dawa kwenye kioo, kukitia ndani ya kamera kingali chororo, kisha kukisafisha upesi gizani kabla hakijakauka. Porini hapakuwa na chumba cha giza ila hema dogo lililofungwa pande zote, na jua la bara likiwaka juu yake. Grant akiingia humo alitoka hoi. Speke aliona kwamba joto lile lingemwua mwenziwe, akamwomba aache. Kamera ikafungwa. Tangu hapo, kila kitu kilichotakiwa kuonekana Ulaya, awe mtu, au nyumba, au mlima, au ua, kilipaswa kupita katika macho ya Grant na mkono wake.

Mapema katika mwezi wa Oktoba 1860 msafara uliondoka Bagamoyo. Palikuwa na wapagazi, na askari, na Waungwana wa Unguja, na mkubwa wao mmoja alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Huyu asili yake ni Myao. Aliuzwa utumwani angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akapata uhuru, akarudi Afrika. Tena alikuwa amekwisha kusafiri na Burton na Speke hata Tanganyika. Bila Bombay na wenzake, wale Wazungu wawili wasingefika hata Ugogo.

Kazi ziligawanywa. Speke alipima jua na nyota na kuchora ramani. Grant alipewa kupima mvua na joto, kuandika habari za nchi, na kukusanya mimea. Hakuwa fundi wa elimu ya mimea kama wale wa vyuo vya Ulaya. Alikuwa askari mwenye macho mazuri na subira. Na kazi hii yataka subira kuliko elimu. Mmea huchumwa mzima, pamoja na mizizi kama ni mdogo, au tawi lenye majani na ua na tunda kama ni mti. Hutandazwa katika karatasi, hubanwa chini ya mzigo, na karatasi hubadilishwa mara kwa mara, ama sivyo mmea huota ukungu. Wakati wa masika kila kitu ni maji. Wakati wa kiangazi mchwa hula karatasi pamoja na mmea. Tena mzigo ule haupandwi wala hauliwi, wala hauwezi kubadilishwa kwa chakula kijijini, nao wachukuliwa kichwani na mtu mwezi baada ya mwezi. Mpagazi aliyechukua nyasi kavu za Kapteni Grant ana haki ya kukumbukwa, ijapokuwa jina lake halikuandikwa.

Mchoro wa mmea si kama picha ya kupamba ukuta. Mpamba ukuta aweza kuongeza ua hapa na kupunguza jani pale ili picha ipendeze. Mchoraji wa mimea hana ruhusa hiyo. Majani yakiwa mawili mawili yaliyoelekeana, lazima yaonekane hivyo. Yakiwa moja moja kwa zamu, vilevile. Petali, yaani vijani vya ua, zihesabiwe. Ua likatwe, na sehemu zake za ndani ziandikwe kando kwa ukubwa zaidi, maana huko ndani ndiko mmea mmoja hutofautiana na ndugu yake. Jani lililoliwa na mdudu lisiandikwe kana kwamba ndivyo lilivyoumbwa. Grant hakuwa na nafasi ya kufanya haya yote kwa kila mmea, kwa kuwa msafara ulikuwa ukiondoka alfajiri. Lakini pamoja na mimea mikavu alileta michoro yake ya rangi za maji na maandiko mengi ya kila siku, na katika maandiko hayo alifanya jambo ambalo wakusanyaji wengi wa zamani hawakulijali. Aliwauliza watu wa nchi jina la mmea na kazi yake, akaandika. Huu huliwa, huu hutengenezwa kamba, huu ni dawa.

Hapo yafaa kusema neno moja. Vitabu vya Ulaya husema kwamba Grant alipata mimea mipya. Ni mipya kwa Ulaya. Mnyamwezi alikuwa na jina la kila mti wa msitu wake, kama vile Mnyiha wa Mbozi na Mnyamwanga wa Tunduma walivyo na majina yao. Kilichokuwa kipya ni kwamba jina la Kinyamwezi, na mmea wenyewe, na mchoro wake, vilikutanishwa mahali pamoja katika maandishi, watu wa mbali wakaweza kuvisoma.

Msafara ulifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Januari 1861. Baada ya hapo mambo yakawa magumu. Kulikuwa na vita kati ya Waarabu na mtemi Manua Sera, wapagazi hawakupatikana, nacho chakula kilikuwa haba. Homa haikumwacha Grant. Kwa miezi mingi wale marafiki wawili walitengana, Speke akienda huku na huku kutafuta wapagazi, Grant akingoja kijijini na mizigo. Mwezi wa Septemba, Grant alipokuwa njiani na sehemu yake ya msafara, watu wa mtemi Mnyonga walimwangukia, wakawatawanya wapagazi wake na kuchukua mizigo. Sehemu yake ilirudishwa baadaye.

Mwisho wa Novemba 1861 wakaingia Karagwe, nchi ya milima ya nyasi upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Mfalme wake alikuwa Rumanyika, ambaye jina lake lipo hata leo katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Mji wake ulikuwa Bweranyange. Baada ya mwaka mzima wa kudaiwa hongo kila kijiji, wasafiri walikutana na mtu mwungwana, mpole, mwenye kupenda kuuliza habari za ulimwengu. Aliwapa chakula na mahali pa kukaa. Migomba, na kahawa ambayo watu wa nchi zile huitafuna buni zake badala ya kuinywa, na ng'ombe wenye pembe ndefu mno: mengi yalikuwapo ya kuandikwa.

Ndipo mguu wa Grant ukaanza kuvimba. Uvimbe ulikuwa mguu wa kulia, karibu na goti. Ukawa mgumu kama ubao, kisha ukafanya majipu ya ndani yaliyotoa usaha mwingi. Hakuweza kusimama. Wenyeji walijaribu dawa zao, naye alijaribu zake, na mguu haukusikia dawa yoyote. Aliyaandika maumivu yake siku kwa siku, vilevile kama alivyoandika habari za mvua. Zaidi ya miaka mia baadaye madaktari walisoma maandiko yale wakashangaa. Yaelekea sana kwamba ulikuwa ugonjwa uitwao sasa kidonda cha Buruli, kwa jina la wilaya moja ya Uganda, na kwamba Grant ndiye mtu wa kwanza kuueleza katika kitabu. Vidudu vyake havikutambuliwa mpaka mwaka 1948. Kumbe mtu yule, pasipo kujua, alijiandika mwenyewe kwa uangalifu uleule aliouandikia mimea.

Wajumbe wa Mutesa, mfalme wa Buganda, wakaja kuwachukua wageni. Lakini Waganda hawakutaka kuingiza mgonjwa katika nchi yao. Speke alifikiri. Kungoja kulikuwa ni hatari, kwa kuwa nafasi hiyo huenda isingerudi. Kwenda kulikuwa ni kumwacha rafiki katika nchi ya mbali, hawezi hata kutoka mlangoni. Tarehe 10 Januari 1862 Speke alikwenda. Watu wamebishana juu ya jambo hilo. Wengine wamesema alitaka sifa peke yake. Grant hakusema hivyo, wala wakati ule, wala baadaye.

Alibaki Karagwe mpaka tarehe 14 Aprili, miezi mitatu na zaidi. Msafiri wa zamani aliona mengi lakini aliyaona mbiombio, leo kijiji hiki na kesho kile. Mgonjwa wa Bweranyange alikaa mahali pamoja mvua za masika zikija, mbegu zikiota, maua yakifunguka moja baada ya jingine. Mimea ya Karagwe imo katika makusanyo yake, na tarehe zake ni za miezi hiyo ya ugonjwa. Mtu asiyeweza kusimama hapandi mlima kuchuma maua. Bila shaka mikono ya wengine ilimsaidia, ya watu wa msafara na ya wenyeji. Naye alikaa akitazama. Alitazama pia jinsi watu walivyolima, walivyokamua, walivyopika, walivyocheza ngoma mwezi ulipoandama, walivyopiga ngozi na kushona magome ya miti kuwa nguo. Kitabu chake kimejaa mambo hayo ya nyumbani, ambayo wasafiri wenye haraka waliyaona madogo.

Mwishoni wajumbe wa Mutesa walikubali kumchukua. Akabebwa kwa machela, akavuka mto Kagera, akafika Buganda mwisho wa Mei. Speke alikuwa mzima. Mwezi wa Julai wakaondoka pamoja kwenda kaskazini. Na hapo, katika safari ambayo nia yake yote ilikuwa kuona mahali Nile itokapo ziwani, waligawanyika tena. Speke alimwambia Grant aende moja kwa moja Bunyoro, kwa mfalme Kamrasi, pamoja na ng'ombe na mizigo, naye mwenyewe akakata kwenda mashariki mtoni. Mguu wa Grant ulikuwa haujapona. Hakuweza kwenda mwendo mrefu wa haraka kila siku. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama kwenye maporomoko ambako maji ya ziwa humwagika kuwa Nile. Grant hakuwapo.

Alikuwa ametembea tangu Bagamoyo. Alikuwa amepatwa na homa, na kunyang'anywa, na kulala miezi kwa mguu uliooza. Alikosa mahali pale kwa safari ya siku chache tu. Mtu mwingine angelalamika maisha yake yote, na wengi wangemhurumia. Grant alieleza katika kitabu chake kwamba mguu ulimzuia, akaendelea na habari nyingine.

Walikutana tena, wakakaa Bunyoro mpaka Novemba, wakapita nchi ya Waacholi, wakafika Gondokoro, juu ya Nile, tarehe 15 Februari 1863. Huko walimkuta Samuel Baker aliyekuja kuwatafuta. Wakashuka mto hata Khartoum na Misri. Bombay na wenzake waliobaki waaminifu mpaka mwisho, watu wachache kati ya wengi walioanza safari, walirudishwa Unguja kwa merikebu. Baadaye Chama cha Jiografia kilimpa Bombay nishani ya fedha.

Uingereza ilimpokea Speke kwa shangwe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863, na katika ukurasa wake wa kwanza imeandikwa kwamba picha nyingi zimetokana na michoro ya Kapteni Grant. Lakini msomaji aangalie neno hilo, zimetokana. Siku zile mchoro wa rangi haukuweza kuchapwa kama ulivyo. Ulipewa fundi wa London, auchore upya juu ya mti, na mwingine auchonge, ndipo uchapwe kwa wino mweusi. Mafundi wale hawakuwahi kuiona Afrika. Mtu mnyenyekevu katika mchoro wa Grant aliweza kutoka katika kitabu amekuwa jitu la kutisha, na nyumba ya nyasi ikawa kama hekalu. Rangi zilipotea kabisa. Michoro yenyewe ilibaki sandukuni, watu wachache wakiiona.

Mwaka 1864 Chama cha Jiografia kilimpa Grant nishani ya dhahabu, naye akatoa kitabu chake mwenyewe. Yasemekana kwamba waziri mkuu, Lord Palmerston, alipokutana naye alisema tu kwamba Kapteni Grant ametembea matembezi marefu. Basi Grant akakiita kitabu chake kwa maana hiyo, matembezi ya kukata Afrika. Mwaka huohuo mwezi wa Septemba kulipangwa mkutano katika mji wa Bath, Speke na Burton wajadiliane mbele ya watu juu ya Nile. Siku moja kabla ya mkutano Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Tangu siku ile Grant alikuwa mtetezi wake. Kila mara watu walipoandika vibaya juu ya Speke, yeye alijibu. Mwaka 1868 alikwenda Uhabeshi pamoja na jeshi la Napier, kisha akastaafu, akaishi kwao Nairn na mkewe na watoto wake.

Mimea ile mikavu ilikuwa imekwisha kufika Kew, karibu na London, kwenye bustani kubwa na hifadhi ya mimea ya dunia nzima. Daniel Oliver, mwanachuoni wa Kew, aliichunguza mmoja mmoja, akaulinganisha na mimea mingine iliyojulikana, na usiokuwa na jina katika elimu yake akaupa jina. Grant alikaa naye katika kazi hiyo kwa njia ya maandiko yake: hapa pana majani tu, lakini yeye aliandika rangi ya ua, hapa pana tawi, lakini yeye aliandika urefu wa mti, na jina la wenyeji, na watu wanaufanyia nini. Kitabu chao kilitolewa na Chama cha Linnean cha London kwa sehemu, kuanzia mwaka 1872 hata 1875. Ndani yake mna picha zaidi ya 130 za mimea, zilizochorwa na kuchapwa kwa jiwe kutoka ile mimea mikavu. Mtu aliyekuwa na homa na mguu mbovu, asiyefundishwa kazi hiyo, alikuwa ameleta kitabu kizima cha mimea kutoka Unguja hata Misri.

Mimea kadhaa imepewa jina lake. Mmoja ni Euphorbia grantii, wa jamii ya mnyaa wenye utomvu mweupe kama maziwa, uotao magharibi mwa Tanzania na katika nchi jirani. Yuko pia swala wa mbuga za kaskazini, mwenye pembe ndefu nzuri, ambaye tangu mwaka 1872 huitwa swala Granti. Wageni wengi waendao Serengeti hulitaja jina la Grant kila siku kwa sababu ya mnyama huyo, wala hawajui kwamba mwenye jina alikuwa mchoraji wa maua.

Grant alikufa Nairn tarehe 11 Februari 1892, umri wake miaka 64. Maandiko yake na michoro yake ya rangi za maji iko katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh, na rangi zake zimebaki. Mimea yake iko Kew, kila mmoja umeshonwa juu ya karatasi yake, na mahali na mwezi vimeandikwa. Mwaka 1952 wataalamu walianza kutoa kitabu kikubwa cha mimea yote ya Tanganyika, Kenya na Uganda, kwa sehemu nyingi, nacho hakikumalizika mpaka mwaka 2012. Katika kazi hiyo ya miaka sitini, walipofika kwenye mmea wa Unyamwezi au wa Karagwe, mara nyingi karatasi ya kwanza ya kufunguliwa ilikuwa ile iliyotoka katika mzigo wa Kapteni Grant.